Swali la Mlangoni pa Wodi

Ndugu zangu, nina mfano mmoja leo, nami nitaanza kwa kuwataja waliokuwapo. Ni watu wa kutunga. Lakini hata mtu wa kutunga nampa jina lake na la ukoo wake, maana nikisema tu "palikuwa na mtu fulani", kila mmoja wenu atamgeukia jirani yake.

Alikuwapo Zefania Msangi, mwenye nyumba, mkazi wa Pasua mjini Moshi, karani wa reli mstaafu. Alikuwapo mkewe, ambaye mtaa mzima humwita Mama Elisante, na jina lake la ubatizo ni Eliwaza Mfinanga. Alikuwapo Anaeli Msangi, mdogo wake Zefania, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga. Alikuwapo dada yao wa katikati, Nakundwa Msangi, muuguzi aliyestaafu akiwa msimamizi wa wodi, na ambaye watu hawajaacha kumwita Sista. Na alikuwapo Nietiwe Msangi, binti wa marehemu ndugu yao Elisafi. Huyo ndiye aliyeketi katikati ya sebule kwenye kiti cha plastiki, magoti pamoja, mikono mapajani, kama mshtakiwa.

Hakuwapo mama yao, Navoneiwa Mrutu, bibi yake Nietiwe. Yeye alikuwa kwake mlimani, Kighare, Usangi. Ndiye aliyemlea Nietiwe tangu binti hajaweza kujifunga vifungo vya sketi.

Walikusanyika kwa ajili ya nini? Kesho yake Nietiwe alikuwa anaitwa mbele ya wasaili wa chuo kikuu kimoja. Alikuwa ameomba kusomea shahada ya uuguzi, na chuo hicho hakipokei mtu kwa alama tu. Humwita, humketisha, humwuliza maswali. Mwaka uliotangulia walimwita vilevile, naye akajibu vizuri mpaka walipofika kwenye swali la mlangoni pa wodi. Walimwuliza hivi: mgonjwa wako amefariki asubuhi, na binti yake ametokea mlangoni ameshika chupa ya uji, utamwambia nini?

Nietiwe alijibu bila kusita, "Nitamwambia mgonjwa amezidiwa, arudi nyumbani akawaite wazee."

Hakuchaguliwa. Alipewa nafasi ya kuomba mara moja tena, na kwa utaratibu wa chuo hicho hakuna mara ya tatu.

Nawauliza, ndugu zangu, binti yule alikosea? Alijibu kama tulivyomlea! Amewahi kusikia habari ya msiba ikitolewa namna nyingine? Baba yake alipokufa aliambiwa amesafiri. Basi ukoo ukaazimia kumfundisha upya, na kazi hiyo akakabidhiwa shangazi yake, Nakundwa, aliyesimama mlangoni pa wodi maisha yake yote ya kazi. Wiki nzima walifanya mazoezi. Siku ninayoieleza ilikuwa ya mwisho.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea alfajiri ya siku hiyo.

Simu ya Zefania iliita kutoka Kighare. Aliyepiga alikuwa jirani wa mama yao. Alisalimia, akauliza habari za mvua, akauliza habari za magoti ya Zefania, kisha akasema, "Bibi amezidiwa. Mkija, njooni na turubai."

Mgonjwa hahitaji turubai. Zefania alielewa, nanyi mmeelewa.

Aliwaita wadogo zake nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, Nietiwe akiwa bado amelala. Anaeli alikuwa amelala hapo Pasua ili ampeleke binti kwenye usaili kwa gari lake. Nakundwa alitoka na kanga mabegani. Zefania alimtazama, akatazama tangi, akasema, "Nakundwa, mama... ndiyo hivyo tena."

Ndiyo hivyo tena. Hayo ndiyo maneno yote aliyopewa kuhusu mama yake mzazi.

"Nietiwe aambiwe," Nakundwa alisema.

"Aambiwe ili iweje?" Zefania aliuliza. "Akijua sasa hivi, sasa hivi atapanda mlimani. Usaili umekwenda, chuo kimekwenda, mama naye hatarudi. Tutapata nini?"

"Ni bibi yake, kaka. Ndiye mama aliyemjua."

"Ndiyo maana! Ingekuwa bibi wa jirani ningemwambia mimi mwenyewe."

Anaeli alisema, "Dada, ni siku moja tu. Akitoka kwa wasaili kesho, namchukua moja kwa moja, tunapanda wote. Kuzika tutaweka Jumamosi. Njiani atajijulia."

"Atajijuliaje?"

"Akiona turubai atajua."

Nakundwa aliwaza chuo, akawaza kwamba hakuna mara ya tatu. Akakubali. Neno moja tu alilikataa: kuombwa afanye mazoezi siku hiyo.

"Usipofanya, atauliza kwa nini," alisema Zefania.

Na hilo nalo akalikubali. Mnaona jinsi jambo moja linavyomvuta mwenzake? Ukishaficha, huna budi kuwafanya na wengine wafiche, na huna budi kunywa chai huku unatabasamu.

Basi wakakaa sebuleni baada ya chai. Zefania, Anaeli na Mama Elisante walikuwa wasaili, wamepanga viti mstari mmoja nyuma ya meza ya kulia. Nakundwa alikuwa binti wa mgonjwa. Alishika chupa ya chai ya Mama Elisante, ile ya maua mekundu, ikiwa badala ya chupa ya uji. Nietiwe alikuwa muuguzi.

"Ingia," alisema Zefania. "Salimia."

"Shikamooni."

"Angalia umri kwanza. Msaili mwingine anaweza kuwa kijana kama Elisante. Ukimpa shikamoo atadhani unamcheka."

"Kaka, hilo tulilimaliza Jumatatu," alisema Nakundwa.

"Na tabasamu," Anaeli alidakia. "Mteja hanunui bati kwa mtu aliyenuna."

"Anatabasamu huku anatoa habari ya msiba?" Nakundwa alimgeukia. "Bati lako huwa linafiwa?"

Nietiwe alicheka, Mama Elisante naye akacheka, halafu Mama Elisante akakumbuka na kuacha ghafla, kama aliyemeza mfupa. Nakundwa aliliona hilo. Alijipeleka haraka mbele ya kiti cha plastiki.

"Haya. Nimefika mlangoni. Sista, nimemletea mama uji. Amelalaje?"

Nietiwe alisimama. "Karibu, mama. Hali ya mgonjwa wako imebadilika."

"Imebadilika! Asante Mungu! Atatoka leo?"

"Hapana, mama, si hivyo..."

"Unaona?" Nakundwa alisema. "Umemwambia imebadilika, naye ameshapika pilau ya kumpokea. Rudia."

"Madaktari wamejitahidi sana, mama."

"Mungu awabariki. Uji niuache wapi?"

"Shangazi!"

"Usiniite shangazi, mimi ni mtu nimetoka nyumbani na uji wangu. Unamuogopa nani? Neno lenyewe lina nini? Liseme."

Zefania alikohoa. "Mimi nashauri amuulize kwanza kama amekuja na mwanamume. Habari kama hizi hupewa wanaume."

"Kaka," alisema Nakundwa, na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, "ndilo jibu lililomwangusha mwaka jana. Hilohilo. Unataka alirudie kwa maneno yako?"

"Mimi nilikuwa nasema tu."

Simu ya Anaeli iliita. Alitoka nayo barazani. Walimsikia akisema, "Mifuko ile ya jana... ndiyo... na mchanga. La, kokoto zipo hukohuko." Aliporudi Nietiwe alimwuliza, "Baba mdogo, leo duka halikuachii hata kidogo?"

"Ni saruji tu, mwanangu."

Na hakusema uongo. Ilikuwa saruji. Lakini kila aliyekuwa kwenye viti vile vya wasaili alijua itajengea nini, na kila mmoja aliinama kutafuta kitu miguuni pake.

Nakundwa alikuwa na hasira. Nisiwadanganye kwamba alikuwa na huzuni. Huzuni hakuwa amepewa nafasi nayo. Alikuwa na hasira na Zefania, aliyegeuza msiba wa mama yao kuwa ratiba ya treni. Alikuwa na hasira na Anaeli na simu yake. Zaidi alikuwa na hasira na binti huyu mwenye akili, anayejua mifupa yote kwa majina, na anayeshindwa kutamka neno moja. Kisha kila alipofika hapo katika mawazo yake alijikuta anajitazama yeye mwenyewe, akiwa na chupa mkononi na neno hilohilo hajalitamka tangu alfajiri. Akazidi kukasirika.

"Nisikilize," alimwambia Nietiwe. "Kwanza mtue mtu mzigo wake. Mketishe, nawe ukae, usimsimamie kama askari. Hakikisha ni nani kwake. Kisha mwambie. Usimwambie amelala, atataka umwamshe. Usimwambie ametutoka, atauliza ametokea mlango gani. Mwambie amefariki. Ukishasema, nyamaza. Watu wengi huharibu hapo, wanaendelea kusema ili wasisikie kilio. Kilio si chako. Mwachie mwenyewe."

"Ni kama kumpiga, shangazi."

"Ni kama kumpiga, ndiyo. Lakini usipompiga wewe, atapigwa na mlango. Nimewaona. Wanapita wanakwenda mpaka kitandani, wanakuta godoro limekunjwa. Sasa huko hayupo wa kuwashika."

Mama Elisante aliinuka kwenda jikoni, ingawa hapakuwa na kilichomwita jikoni.

Halafu Nietiwe akasema jambo ambalo hakuna aliyejiandaa nalo.

"Naomba nimpigie bibi kwanza. Aniombee, halafu tuendelee. Nikisikia sauti yake nitapata nguvu."

Loo, ndugu zangu! Mngewaona!

"Simu yake haina chaji," alisema Zefania.

"Amelala," alisema Anaeli.

"Yuko shambani," alisema Mama Elisante kutoka jikoni.

Wote watatu, kwa pamoja, kama kwaya isiyofanya mazoezi.

Nietiwe aliwatazama mmoja mmoja. "Amelala, au yuko shambani?"

"Amelala shambani," alisema Anaeli.

"Na ule mguu wake?"

"Yaani amepumzika. Chini ya migomba. Hali ya hewa ya mlimani, si unaijua."

Angekuwa mtu mwingine, Nietiwe angeendelea kuhoji. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, kwa namna yetu ya kulea, naye alijua kwamba wakubwa watatu wakitoa majibu matatu, mtoto mwenye adabu huchagua moja na kuliamini. Akachagua la chaji.

"Basi nitampigia jioni," alisema.

Nakundwa alihisi chupa inamtoka mkononi. Aliishika kwa mikono miwili. Alikuwa karibu kusema. Alimtazama kaka yake, na kaka yake akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi: bado, kesho.

"Mwisho," alisema Zefania kwa sauti kubwa. "Mara ya mwisho, kisha tukale. Nakundwa, njoo mlangoni."

Nakundwa alitoka hadi barazani, akageuka, akaingia. Hakuwa na nguvu tena za kuigiza. Alisimama tu kizingitini na chupa yake.

"Nimemletea mama uji," alisema.

Mara hii Nietiwe hakubaki alipokuwa. Alimfuata hadi mlangoni. Aliipokea ile chupa, akaiweka mezani mbele ya wasaili bila kuwatazama. Alivuta viti viwili, akavielekeza. Akamshika Nakundwa kiwiko, wakaketi, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Wewe ni nani kwa mgonjwa?"

"Ni mwanawe."

"Jina lako nani, mama?"

"Nakundwa."

"Mama Nakundwa," alisema Nietiwe, naye alikuwa anamtazama usoni, "mama yako amefariki asubuhi hii. Hakuwa peke yake."

Akanyamaza.

Nakundwa Msangi alikaa akimtazama. Alikuwa amewaambia watu maneno hayo miaka mingi kuliko umri wa binti huyu, na hakuna aliyewahi kumwambia yeye. Alfajiri aliambiwa ndiyo hivyo tena. Sasa ndipo alipoambiwa. Bega moja lilishuka, kisha la pili, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kuigiza. Alilia kama wanavyolia kwao mlimani, mikono kichwani.

"Hapo!" Anaeli alipiga makofi. "Hapo sasa! Hata wasaili watalia!"

"Vizuri sana, binti," alisema Zefania, naye alikuwa anatokwa jasho. "Vizuri sana. Inatosha, Nakundwa. Inatosha, amefaulu."

Nietiwe hakugeuka kuwatazama. Hakuwa ameuachia mkono wa shangazi yake. Ulikuwa wa baridi, na mkono hauigizi.

"Shangazi," alisema polepole, "hiki si kilio cha mazoezi."

Makofi ya Anaeli yalikoma.

"Shangazi, unamlilia nani?"

Mlango wa jikoni ulifunguka, Mama Elisante akaonekana amejifunika uso kwa kanga. Aliwaona, akarudi ndani. Simu ya Anaeli iliita, naye akaitazama bila kuipokea. Ndipo Zefania Msangi, mkubwa wa ukoo, mzee wa usharika, mtu ambaye hajawahi kuiba hata mkaa wa reli, akajiweka sawa kitini na kusema:

"Swali linalofuata. Kwa nini unataka kuwa muuguzi?"

Hapo nasimama kidogo, ndugu zangu. Nimechoka nao. Ninyi hamjachoka nao?

Nawaona mnatikisa vichwa, mnamlaumu Zefania. Msimlaumu peke yake. Hebu niwaulize swali. Tangu nimeanza mfano huu, habari ya yule bibi wa Kighare nimewaambia lini? Nimewaambia kuhusu turubai. Nimewaambia kuhusu saruji na mchanga. Neno lenyewe sijalitamka juu yake hata mara moja, nanyi mmelielewa, mkaridhika, na hakuna aliyenyoosha mkono kuniambia, mzee, sema. Tumezoea kiasi hicho. Tunapokezana habari ya kifo kama watu wanaopokezana chungu cha moto kwa majani, kila mmoja akihakikisha kwamba vidole vyake haviungui, mpaka kinamfikia yule mwenye msiba, na yeye peke yake hupewa bila majani.

Tunasema tunaficha kwa huruma. Huruma kwa nani? Yule anayefichwa atajua tu. Hakuna aliyewahi kufichwa mpaka mwisho. Ni wangapi kati yetu hapa tuliojua msiba wetu kwa kuliona turubai kutoka kwenye kona ya njia? Nyoosheni mikono. Acheni, msinyooshe, nawajua. Ulikuwa na mfuko wa sukari mkononi, zawadi ya mgonjwa. Uliona watu wengi uani. Kila uliyekutana naye alikushika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, na hakuna aliyekuambia, na ulitembea hatua zote zile peke yako, katikati ya ndugu zako wote. Hiyo ndiyo huruma yetu? Tulijionea huruma sisi wenyewe. Tulikwepa kuwa pale mtu anapopigwa. Tukaiachia njia ifanye kazi yetu.

Wala hatuishii kwenye msiba. Mume amesimamishwa kazi, kila asubuhi anavaa viatu anakwenda kukaa stendi, na nyumba nzima inajua, nayo inamtakia kazi njema. Mama ana uvimbe, tunamwambia ni vidonda vya tumbo, naye anatuambia anaendelea vizuri, sisi na yeye tukiigizana mpaka siku ya mwisho, na maneno tuliyotaka kumwambia tunayasema kaburini kwa kipaza sauti. Halafu tunakuja hapa Jumapili tunaimba kwamba tunaipenda kweli! Tunaipenda kweli ya mbali. Ya sebuleni tunaiambia isubiri usaili uishe.

Na kuna wengine humu, nawaona kwa macho yao, wanataka kuniuliza jambo moja tu: binti alikwenda kwenye usaili? Alipata chuo?

Hilo ni swali la Zefania. Ndilo lililomfanya afiche. Sikatai kwamba ni swali kubwa. Chuo kile hakikuwa na mara ya tatu, na maisha ya mtu yanaweza kugeuka kwa asubuhi moja. Lakini kwenda au kutokwenda kulikuwa ni uamuzi wake Nietiwe. Angeweza kwenda kwa wasaili akiwa amefunga kitambaa cheusi. Angeweza kupanda mlimani na kumwosha bibi yake kwa mikono yake. Yote mawili yana heshima, na ni yeye wa kuchagua, kwa sababu ni chuo chake na ni bibi yake. Wao walimnyang'anya yote mawili, kisha wakamwambia wanampenda. Na wanampenda kweli! Hapo ndipo panaponikera. Wangekuwa watu wabaya ningejua la kuwahubiria.

Sisi, je? Tumepewa kusimama mlangoni kwa ajili ya wenzetu. Mtu anakuja na uji wake, hajui. Mungu hakutuweka pale tumwambie hali imebadilika. Ametuweka tumpokee mzigo, tuvute kiti, tuseme, na tusikimbie. Ukitoka hapa leo, kuna mtu unayemficha jambo lililo lake. Usiseme hakuna. Umeshamfikiria tangu nilipotaja turubai. Nenda kamwambie, na ubaki naye akishalia.

Turudi Pasua, tumalize.

Zefania alikuwa bado anangoja jibu la swali lake. Nakundwa alijifuta uso kwa kiganja, si kwa kanga, akakigeuza kiti chake, akaupa mgongo ule mstari wa wasaili.

"Nakundwa," alisema kaka yake, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana, kaka. Nilikosea kukubali."

"Mwache basi ale kwanza."

Nakundwa aliishika mikono yote miwili ya binti wa ndugu yake, akamtazama usoni, akamwambia:

"Nietiwe, bibi yako Navoneiwa amefariki leo alfajiri."